Jino Lisiloisha Linakula Jirani Yake

Wiki mbili zilizopita nilipokea ujumbe ambao mwaka juzi ningeujibu kabla sijamaliza kuusoma. Kliniki moja, siitaji jina, inataka kunipa meno kumi ya juu bure. Zirkonia, nyeupe kama sahani mpya. Malipo yangu ni video tatu tu. Moja nikiwa kwa kiti chao, moja nikicheka mbele ya foleni ya matrela pale Malaba, na ya tatu nikisema sentensi ambayo wameniandikia wao wenyewe: "Haya meno hayaishi, mazee. Ni ya milele."

Nimekataa. Na msidhani ni utakatifu. Kodi ya nyumba inanitafuta vile inawatafuta nyinyi, na simu ninayorekodia ina ufa kwa kioo tangu Desemba. Nimekataa kwa sababu ya neno moja kwa hiyo sentensi. Hayaishi.

Hilo neno mnalijua. Fungua TikTok leo usiku, dakika kumi haziishi kabla hujakutana na msee anacheka na meno ya mstatili yaliyolingana kama tailsi za bafu. Anagonga jino na kucha, ti-ti-ti, anasema hii kitu ni ngumu kuliko chuma. Anaweka namba ya simu na kodi ya kupunguziwa bei. Hakuna anayemuuliza swali ambalo fundi yeyote wa nduthi pale stejini Busia angeuliza bila kufikiria mara mbili: kama hiki kitu hakiishi, na kinasuguana na kingine kila siku, basi kinachoisha ni kipi?

Fundi anajua kwa sababu ameona. Funga padi za breki ngumu za bei ya chini, padi zitakaa, lakini diski itachimbika mitaro. Ukilalamika atakuuzia diski nyingine. Sasa niambie, diski ya mdomoni inauzwa duka gani?

Wacha niwaambie vile nilijifunza hii story, kwa sababu sikuisoma kwanza. Niliiuma.

Nikiwa kidato cha tatu nilifungua soda na meno. Ujinga wa kawaida, mabeshte wanacheki, kifuniko kikatoka na kipande cha gego la juu kushoto. Nikakaa nalo hivyo hadi nikaingia chuo. Nilipopata pesa kidogo, nikapata fundi wa meno kwa chumba kimoja cha juu, bei chini ya nusu ya pale pengine. Nikavikwa kofia, yaani lile jino la bandia linaloketi juu ya jino lako lililochongwa. Ilikuwa zirkonia kweli, hapo hakunidanganya.

Akaniambia niume. Nikauma, nikahisi imesimama juu kidogo kuliko wenzake. Akachukua mashine yake, zzzz, dakika mbili, akaniambia niume tena. Sawa? Sawa. Nikalipa, nikashuka ngazi. Usiku nikapitisha ulimi pale alipokwangua. Palikuwa kama msasa. Nikampigia simu, akanijibu, "Utazoea."

Nikazoea. Hilo ndilo linaniuma zaidi ya jino lenyewe, kwamba nilizoea. Baada ya miaka mitatu na kitu, maji baridi yakaanza kunipiga shoti upande wa chini. Nikaenda kwa daktari wa meno wa kweli, akanipa kioo. Kofia ya juu haikuwa na hata alama. Gego la chini, lile nililozaliwa nalo, lilikuwa na kidimbwi juu, na kwa kilele kimoja rangi ya njano ilikuwa imejitokeza. Akaniambia vinywaji vya nguvu ninavyokunywa nikihariri video usiku vimesaidia kulilainisha, na kusaga meno usingizini kumesaidia pia. Lakini kidimbwi kilikuwa kimekaa sawasawa chini ya ile sehemu ya msasa, kama kifuniko na sufuria. Daktari akatumia muda mrefu kuisugua ile kofia na vile vijiti vya mpira, kimoja baada ya kingine, hadi ulimi wangu ukateleza. Ile kazi ndiyo yule wa kwanza aliruka.

Sasa ndio tuingie kwa somo. Mnajua niliacha chuo mwaka wa pili, na najua kuna mtu tayari anaandika hapo chini "dropout anatufunza udaktari". Sifunzi udaktari. Nilikuwa nasomea uhandisi wa mitambo, na katika yote niliyosahau kuna jambo moja halikutoka: ugumu wa kitu na ulaini wa ngozi yake ni mambo mawili tofauti.

Enameli, ile ngozi ya nje ya jino lako, ndiyo kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Asilimia kama 96 ya uzito wake ni madini. Kwa kipimo cha ugumu kinachoitwa Vickers inafika kama 300 na kitu. Zirkonia inapita 1,200. Hapo wauzaji hawadanganyi. Ni ngumu, na pia haivunjiki ovyo kama seramiki nyingine. Mwaka 1975 wanasayansi watatu, Garvie, Hannink na Pascoe, waliandika kwenye jarida la Nature wakiifananisha na chuma, kwa sababu ufa ukianza ndani yake, chembe zilizo karibu hubadilika umbo, hutanuka na kuubana ule ufa usiendelee. Hii ni kazi ya akili sana, na mimi naiheshimu.

Lakini sikiliza hapa. Chupa ya soda ni ngumu kuliko midomo yako mara nyingi sana, na unainywea kila siku bila kidonda. Ivunje, gusa ukingo wake, damu. Glasi ni ile ile. Kilichobadilika ni ngozi yake.

Zirkonia ni hivyo hivyo. Watafiti wameipima tena na tena kwa mashine zinazoiga kutafuna, na jibu linashangaza watu: zirkonia iliyosuguliwa hadi ikawa laini huila enameli kidogo kuliko poseleni ya zamani, na hali poseleni ndiyo laini kati ya hizo mbili. Zirkonia ile ile ikikwanguliwa na kuachwa hivyo, inageuka tupa. Na kwa sababu ni ngumu, yale makali hayaishi yenyewe haraka. Yanakaa hapo, kila mlo, kila usiku unaposaga meno ukiota. Ile "milele" uliyonunua inafanya kazi kwa upande wa pili.

Na ile mng'ao unaoona kwa klipu? Mara nyingi ni rangi ya kioo inayopakwa juu na kuchomwa. Kwa picha ni moto. Kwa sehemu ya kutafunia huisha mapema, ndani ya miezi, na kilicho chini yake ndicho kitakachobaki kinagusana na jino lako. Kama chini hapakusuguliwa kabla ya kupakwa, umeuziwa msasa uliofunikwa na rangi.

Wacha niweke kiasi, ndio msiseme natisha watu. Gego la kawaida likikutana na gego la kawaida, enameli hupungua kama mikroni 30 kwa mwaka. Unywele wako mmoja ni kama mikroni 70. Yaani miaka miwili na kitu, unywele mmoja. Kwa vilele vya gego enameli ina unene wa kama milimita 2 hadi 2 na nusu, ndio maana wazee wetu wa Nambale wanafika miaka 80 na bado wanatafuna miwa. Hesabu imepangwa vizuri. Meno mawili ya aina moja yanaisha pamoja, polepole, kama ndugu. Ukiingiza tupa upande mmoja, umeharibu hesabu ya upande wa pili.

Na hapa kwetu mdomo haupumziki. Tunakula miwa kama chai. Mahindi choma kando ya barabara, njugu, simsim, omena wenye mchanga kidogo hata ukiosha mara tatu. Madereva wanakaa kwa foleni ya Malaba na miraa shavuni usiku mzima. Soda juu ya hayo yote, na soda ina asidi ya kutosha kulainisha enameli kwa muda kila unapokunywa. Mdomo wa mtu wa mpakani ni kama posho mill ya mtaa. Hauwezi kuufunga na kipuri ambacho mtu hakumaliza kukilainisha halafu useme utazoea.

Jambo la pili, na hapa ndipo nawakasirikia wenzangu wenye kamera. Mnauza kofia kwa watu wenye meno mazima.

Elewa tofauti. Kuna vinia, ganda jembamba linalobandikwa mbele ya jino, na kuna kofia kamili. Kwenye klipu zote mbili zinaitwa vinia kwa sababu neno ni tamu. Kipimo kilichochapishwa mwaka 2002 kilionyesha kwamba kulichonga jino la mbele kwa ajili ya vinia huondoa kati ya asilimia 3 na 30 ya sehemu yake inayoonekana, kulingana na aina. Kofia kamili huondoa asilimia 63 hadi 72. Soma tena. Msichana wa miaka 19, meno mazima, tatizo lake ni rangi tu, anachongwa theluthi mbili ya kila jino, kisha anarekodiwa akilia kwa furaha. Enameli haioti tena. Seli zilizoitengeneza ziliondoka jino lilipochomoza. Hakuna kurudi. Hizo kofia zikichoka, na gundi na fizi huchoka hata kama zirkonia haichoki, atahitaji nyingine, na nyingine. Ana miaka 19. Piga hesabu yako.

Tena mnajua vinia ilianzaje? Mwishoni mwa miaka ya 1920 kule California, daktari wa meno aitwaje Charles Pincus alitengeneza maganda membamba ya kuwapendezesha waigizaji wa Hollywood. Aliyashika na unga ule wa kubandikia meno ya bandia. Mwigizaji aliyavaa, akacheka mbele ya kamera, kisha akayatoa akaenda kula. Ganda la jino lilizaliwa kwa ajili ya kamera, na hata Hollywood yenyewe ilikuwa na akili ya kulitoa kabla ya chakula. Sisi tumechukua kitu cha kamera tukakifunga kwa gundi ya kudumu, halafu tukaagiza nyama choma.

Najua mtaniambia nini. Mwili wangu, meno yangu. Sawa. Sina shida na hilo, na hata historia yetu iko nyuma yako. Wajaluo walikuwa wanang'oa meno sita ya chini, na Waluhya wengi walikuwa na mila zao za kung'oa ya chini pia. Kukhu wangu alikuwa na pengo lake na alilipenda. Lakini hakuna aliyemwambia kukhu kwamba anaongezewa meno. Alijua anachotoa, alijua anatoa kwa nini, na jino la juu halikuliwa na pengo. Mimi sipigani na urembo. Napigana na kuuziwa hasara ukiambiwa ni faida.

Wengine mtasema nachafua jina la seramiki. Hapana. Kama umepata ajali ya nduthi na meno ya mbele yamekatika, kama jino limetibiwa mzizi na limebaki ganda tupu, kama umekulia kule Bonde la Ufa kwenye maji yenye floraidi nyingi na meno yakatoka na madoa ya kahawia tangu utotoni, basi hii teknolojia ni baraka, itumie bila aibu. Mimi mwenyewe bado nina ile kofia yangu. Tangu ilipolainishwa imekuwa jirani mzuri. Hata wale wazee wenye jino la dhahabu mnaowacheka, dhahabu ya meno inaisha karibu sawa na jino la kawaida, ni mojawapo ya vitu vyenye huruma zaidi kwa jino la upande wa pili. Mzee hakuwa mshamba. Alikuwa na kipuri kinachoelewana na mashine.

Kwa hiyo tatizo si kitu chenyewe. Tatizo ni zile dakika ishirini za mwisho. Kuchonga kunaonekana kwa video. Kubandika kunaonekana kwa video. Kusugua na vijiti vya mpira, kijiti baada ya kijiti, hakuna mtu atatazama, kwa hiyo ndiyo kazi ya kwanza kurukwa kunapokuwa na haraka au bei ya kutupa. Na sisi wenye kamera ndio tumeifanya ionekane si kitu, kwa sababu klipu zetu huishia pale mtu anapopewa kioo acheke.

Sasa, watu wetu wa mpakani. Tumezoea kupima bei kwa pande mbili. Sukari, unga, vitenge, mafuta, tunajua leo upande upi uko chini. Hapa ndipo neno boda boda lilizaliwa, baiskeli za kuvusha watu kutoka boda hadi boda. Kuvuka ni damu yetu, na siwezi kuwaambia msivuke kutafuta daktari. Uganda kuna madaktari wa meno wazuri, na Kenya wapo. Lakini jino si kilo ya sukari. Kilo ya sukari ukishavuka nayo, biashara imeisha. Jino ndiyo linaanza. Litahitaji kuangaliwa tena, litahitaji mtu aliyelifunga akubali kulishika tena likikwaruza. Kama yule mtu hana bango, hana leseni, na chumba chake mwezi ujao kitakuwa duka la M-Pesa, utamtafuta wapi?

Kwa upande wetu leseni inatolewa na baraza la madaktari, KMPDC, na orodha yao iko mtandaoni, unaandika jina tu. Upande wa pili kuna UMDPC. Kuangalia kunachukua muda mfupi kuliko kutafuta angle ya selfie.

Na ukishakaa kwa kiti, usiulize yatakuwa meupe kiasi gani. Uliza hivi. Hili jino ni zima, unalichonga kiasi gani na kwa sababu gani? Kuna njia ya kulisafisha au kulipanga bila kulichonga? Ukilipunguza baada ya mimi kuuma, utalisugua na nini, na naweza kupitisha ulimi kabla sijalipa? Na lile jino linalokutana nalo, utaliangalia tena lini? Daktari mzuri atafurahi umeuliza. Yule mwingine atakwambia utazoea.

Kama tayari umewekewa, usipaniki. Pitisha ulimi wako sasa hivi pale kofia inapokutana na mwenzake. Kama inateleza, lala usingizi. Kama inakwaruza, rudi ukadai isuguliwe. Hata ya miaka miwili bado inaweza kulainishwa, na gharama yake haifiki hata karibu na kutibu jino la pili. Usingoje maji baridi yakwambie.

Na kwenu creators wenzangu, hasa nyinyi wa Busia na Malaba ambao tunapigiana hi pale kwa mataa: chukueni pesa, siwakatazi, najua njaa. Lakini toeni neno "hayaishi" kwa script. Mtoto wa shule ya upili anawaamini kuliko anavyomwamini daktari, na hicho ndicho kitu pekee tulichonacho cha kuuza.

Mimi ile kliniki niliijibu. Niliwaandikia kwamba niko tayari kufanya video moja bure, bila meno, mradi waniruhusu nirekodi daktari wao akisugua kofia ya mteja mwanzo hadi mwisho, dakika zote ishirini.

Tiki mbili za buluu. Hadi leo.